Tenki la sheli limeng'olewa, udongo unaupimaje?

Wakuu, hili somo ni la wale wenye sheli za zamani, mnunuzi kaja anataka ajenge fremu na tenki la chini limeshatolewa. Wengi wanachungulia shimo, wakiona hakuna weusi wanafukia. Usifukie kwanza, pima kama mafuta yalivujia kwenye udongo.

1. Uliza lilihifadhi nini. Petroli unatafuta benzini (kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli) na ndugu zake, dizeli unapima jumla ya mafuta kwenye udongo. Kama sheli ni ya kabla ya 2006 ongeza kipimo cha risasi (ile metali, lead), maana petroli ya risasi iliondolewa huku kwetu kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka huo.

2. Usishuke shimoni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini, ukiuvuta unazimia hapohapo, na cheche moja tu balaa. Kijiko (ile mashine ya kuchimbia) kichote, we chukua udongo wa katikati ya ndoo ambao haujagusa chuma, na glavu ubadilishe kila sampuli.

3. Pa kuchukua: chini ya ncha zote mbili za tenki, kwenye kuta za shimo, halafu, hapa ndo watu wanakosea, fuata bomba mpaka chini ya pampu. Kuna kazi moja kuta zilikuwa safi, tenki halina hata tundu, tushaanza kukusanya vifaa, nikamwambia jamaa wa kijiko hebu kwaruza kwenye mfereji wa bomba, aisee pale kwenye kiungo cha kona mchanga umegeuka kijivu cha kijani na harufu ikatupiga usoni. Tenki lilikuwa halina kosa lolote, ni kile kiungo.

4. Udongo kidogo weka kwenye mfuko wa zipu, funga, acha kama dakika kumi, chomeka mdomo wa kipima mvuke. Hii inakuonyesha tu wapi pabaya zaidi. Sampuli ya maabara ni udongo mwingine wa palepale, shindilia kwenye kopo la kioo mpaka juu isibaki hewa, weka kwenye deli lenye barafu, peleka fasta.

5. Ukikuta maji, chimba visima vya kupimia visivyopungua vitatu, visikae mstari mmoja, ndo utajua maji yanaelekea wapi.

Swali: Mkuu pua si inatosha? Mi petroli naisikia mbali.
Jibu: Pua inazoea, baada ya nusu saa husikii kitu. Halafu ukiinusa makusudi unavuta benzini, na hiyo inaleta kansa ya damu.

Swali: Nyumba yetu iko nyuma ya sheli, maji ya kisima yana harufu, mama anasema tuchemshe.
Jibu: Hapana ndugu, mkichemsha mvuke unajaa jikoni mnauvuta. Acheni kuyanywa, na hata kuyaogea, mpaka yapimwe. WHO kwenye maji ya kunywa wanataka benzini isizidi mikrogramu 10 kwa lita, kiasi hicho pua haikioni.

Swali: Ule udongo mchafu naomba tripu mbili nijazie kiwanja, nalipia mafuta ya lori.
Jibu: Hahaha mzee utajengea sebule juu ya petroli. Unatandikwa juu ya turubai na kufunikwa mvua isiusombe, na kabla haujatoka pale unaongea na NEMC, wale wa baraza la taifa la mazingira.

Swali: Basi tripu moja?
Jibu: Hata toroli.