Jinsi ya Kupima Usajili wa Timu Yako ya Kikapu ya Chuo Kabla ya Kumlaumu Kocha

Kila shabiki wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani anaijua siku hii. Kijana wa sekondari ambaye timu yako imemfuatilia kwa miaka miwili ameketi mbele ya meza yenye kofia tatu za vyuo tofauti, tayari kutangaza atakakojiunga, wazazi wake wako kando, kamera zimewashwa. Mkono wake unaipita kofia ya chuo chako, unaichukua ya mahasimu wenu, na anaivaa. Kabla jua halijazama, mashabiki wanadai kocha afukuzwe. Nimekuwa miongoni mwao mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na siamini kwamba uchungu ule ni upuuzi, kwa kuwa usajili ndio unaoamua miezi mitano ya msimu kabla mpira haujarushwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaulilia usajili kwa sababu zisizo zake, huku kasoro ya kweli ikipita bila kuonekana. Ninayoyaeleza hapa ni namna ya kuukagua usajili wa timu yako ili ukilalamika, ulalamike kuhusu jambo lenye uzito.

Anza na nafasi, usianze na majina. Chukua karatasi, andika wachezaji wote waliomaliza msimu, kisha mbele ya kila jina andika amebakiza misimu mingapi. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, iliruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji 13. Kuanzia msimu wa 2025-26, vyuo vilivyojiunga na makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliifungua dhidi ya NCAA kuhusu malipo, vinaweza kuwa na wachezaji 15 kikosini, na wote wanaweza kupewa ufadhili. Toa wanaohitimu. Weka alama ya kuuliza kwa wanaojaribu bahati yao kwenye drafti ya NBA, yaani zoezi ambalo timu za ligi ya kulipwa huchagua wachezaji wapya kwa zamu, maana mchezaji aliyejiandikisha mapema ana muda hadi mwishoni mwa Mei wa kujiondoa na kurudi chuoni. Weka alama nyingine kwa waliocheza dakika chache, kwa sababu hao ndio huondoka zaidi. Idadi inayobaki ndiyo inayokuonyesha kama timu ilihitaji wachezaji wawili au saba, na bila idadi hiyo huwezi kujua kama kumkosa kijana mmoja ni pigo au ni jambo la kawaida.

Ukishahesabu, gawa nafasi zile kwa kazi za uwanjani: nani ataupandisha mpira akibanwa, nani atalinda kikapu, nani atafunga pointi tatu kutoka pembeni, nani ataokota ribaundi usiku ambao mipira haiingii. Hapa ninazungumza kwa uchungu wa yaliyonikuta. Miaka michache iliyopita niliandika majina manane ya vijana tuliokuwa tukiwafukuzia, na kufikia Mei nilikuwa nimekata sita kwa kalamu nyekundu. Kiangazi kizima niliwaombolezea walinzi wawili walioenda kwingine. Februari, baada ya kufungwa mara ya nne mfululizo na timu zenye watu warefu, niliufungua tena ukurasa ule na kugundua kwamba hapakuwa na senta hata mmoja kati ya majina yale manane. Kosa la benchi la ufundi lilikuwa pale tangu mwanzo, kwenye jina ambalo hawakulitafuta, nami sikuliona kwa sababu nilikuwa nikihesabu waliokataa.

Jambo la pili ni kujifunza uzito wa maneno ya usajili, kwa sababu habari nyingi zinazotuumiza hazikuwa na uzito tuliozipa. Ofa, yaani chuo kumwambia kijana kwamba kiko tayari kumpa ufadhili, ni neno jepesi kuliko linavyosikika. Chuo kinaweza kuwapa ofa vijana wengi kuliko nafasi kilizo nazo, na ofa nyingine haipokeleki papo hapo kwa sababu kocha anamsubiri kwanza mchezaji anayempenda zaidi. Kwa upande wa kijana pia, ahadi ya mdomo haimfungi kisheria. Anaweza kuibadilisha kesho asubuhi bila adhabu yoyote. Kinachohesabika ni saini. Zamani saini hiyo iliwekwa kwenye barua ya kitaifa ya kujiunga na chuo, lakini utaratibu huo ulifutwa Oktoba 2024, na sasa mchezaji husaini mkataba wa msaada wa kifedha na chuo chenyewe. Kwa hiyo usisherehekee ahadi kama ubingwa, wala usiomboleze orodha ya vyuo vitano vya mwisho anavyovifikiria kijana, ambayo timu yako haimo, kana kwamba msimu umekwisha.

Kumbuka pia kwamba kanuni za NCAA hazimruhusu kocha kuzungumza hadharani kuhusu uwezo wa kijana ambaye hajasaini. Kimya chake cha miezi mitatu kinaweza kuwa ni kutii kanuni tu. Nimesikia mashabiki wakikiita uzembe, na si haki.

Sasa tuje kwenye nyota, yaani alama ambazo kampuni za tathmini kama 247Sports na ESPN huwapa vijana. Sitakuambia uzipuuze, maana vijana wa juu kabisa kwenye orodha hizo huingia NBA kwa wingi kuliko wa chini, na chuo ambacho hakipati hata mmoja wao mwaka baada ya mwaka kina kazi ngumu. Lakini alama hupima kijana mmoja, nayo timu ni watu wengi. Ben Simmons alikuwa miongoni mwa vijana waliotafutwa kuliko wote alipojiunga na chuo cha LSU, jimboni Louisiana. Msimu wake wa 2015-16 timu ilishinda mechi 19, ikafungwa 14 na haikuingia kwenye mashindano ya NCAA, ingawa yeye mwenyewe alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2016. Mwaka uliofuata Markelle Fultz alicheza Washington, akawa wa kwanza kwenye drafti ya 2017, na timu yake ikamaliza na ushindi 9 na vipigo 22. Kocha alipoteza kazi. Mashabiki wa chuo hicho walikuwa wamepata hasa kile ambacho wengine wetu hukililia.

Upande wa pili wa jambo hili unastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mwaka 2016 kocha msaidizi wa Murray State alikwenda kwenye kambi moja ya vijana huko South Carolina kumtazama mchezaji mwingine kabisa. Alitoka ukumbini kutafuta kitu cha kutafuna, akasikia mpira ukidunda kwenye kiwanja cha pembeni, akachungulia. Mle ndani vijana walikuwa wakicheza watatu kwa watatu, na mmoja wao, mwembamba, asiye na nafasi kwenye orodha yoyote kubwa, alikuwa Ja Morant. Miaka mitatu baadaye alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA. Stephen Curry naye hakupata ufadhili kutoka vyuo vikubwa, akaenda Davidson, chuo kidogo, na mwaka 2008 akakifikisha kwenye robo fainali ya taifa, ambako walifungwa na Kansas kwa pointi mbili tu. Visa hivi havimaanishi kwamba kila kijana asiye na nyota ni lulu iliyofichika, na kocha anayevitaja kila anapokosa wachezaji anajitetea. Vinachokufundisha ni swali la kuuliza: je, makocha wasaidizi wetu wanakwenda wenyewe kutazama, au wanasoma orodha ileile tunayoisoma sisi? Julai, mashindano makubwa ya vijana kama Peach Jam huwakusanya makocha karibu wote wa vyuo vikuu vikubwa mahali pamoja, hivyo kuonekana pale si sifa. Sifa ni kumfahamu kijana kabla hajafika pale.

Halafu usifunge hesabu yako mapema. Shabiki wa zamani aliweza kupima usajili mwezi wa Novemba, pale vijana wa sekondari waliposaini mapema, na akawa ameona sehemu kubwa ya picha. Leo nusu ya picha hiyo, pengine zaidi, huchorwa baada ya msimu. Mfumo wa uhamisho ulianza Oktoba 2018. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza papo hapo, mradi masomo yake yako sawa. Itazame Florida iliyotwaa ubingwa Aprili 2025 kwa kuifunga Houston 65 kwa 63. Kati ya wachezaji watano walioanza fainali ile, wanne walikuwa wamewahi kuchezea vyuo vingine: Walter Clayton Jr. alitoka Iona, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, Will Richard alitoka Belmont, na Rueben Chinyelu, kijana wa Nigeria, alitoka Washington State. Aliyehukumu usajili wa chuo hicho kwa vijana wa sekondari peke yao alikuwa akitazama kona moja ya uwanja.

Kwa hiyo, wakati wa uhamisho, fuatilia mambo mawili. La kwanza ni kwamba dirisha la uhamisho, yaani kipindi kilichowekwa cha kuhama, huweka kikomo cha mchezaji kutangaza kuondoka, wala halimlazimishi kuchagua chuo kipya kabla ya siku hiyo. Ndiyo maana timu inaweza kuonekana tupu mwezi wa Aprili na kuwa imejaa Juni. La pili, ambalo kwangu ni zito kuliko kumkosa kijana yeyote, ni nani anaondoka kwako. Mchezaji wa akiba akihama kutafuta dakika, hiyo ni kawaida. Mchezaji aliyeanza mechi 30, ambaye mlimkuza wenyewe, akihama kwenda chuo cha hadhi ileile, hapo kuna jambo ndani ya chumba cha kubadilishia nguo au ndani ya mfuko wa chuo, na uongozi unapaswa kuulizwa.

Kuhusu mfuko, ongea kwa tahadhari. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na baada ya makubaliano ya House kupitishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26. Kiasi hicho ni cha michezo yote ya chuo, na kwenye vyuo vyenye timu kubwa ya futiboli ya Kimarekani, futiboli ndiyo huchukua fungu nono. Kocha wa kikapu anaweza basi kushindwa na chuo kisicho na futiboli kabisa bila kuwa amefanya kosa lolote la usajili. Kiasi anachodaiwa kupewa mchezaji fulani, kama kinavyosambaa midomoni mwa watu, mara nyingi kimetoka kwa mtu mwenye sababu ya kukipandisha. Usijenge lawama juu yake.

Baada ya yote hayo, lawama zitakuwepo, na zina mahali pake. Ninaona kocha anastahili kubanwa ikiwa pengo lilelile la kikosi limejirudia misimu miwili. Ikiwa vijana wazuri wa jimbo lenu wanaondoka mwaka baada ya mwaka na wanasema wazi kwamba chuo chenu kilichelewa kuwatafuta. Ikiwa timu inafika nafasi ya pili kila mara kwa sababu imeweka matumaini yote kwa kijana mmoja bila kuwa na wa akiba. Kumkosa mchezaji mmoja hakumo kwenye orodha yangu, hata akiwa wa kwanza nchini.

Lawama hizo zipeleke kwa wenye dhamana. Mwandikie mkurugenzi wa michezo wa chuo barua ya ukurasa mmoja, taja nafasi, misimu na majina ya walioondoka, na useme kama wewe ni mnunuzi wa tiketi za msimu mzima. Kamwe usimwandikie kijana aliyewakataa. Ana miaka 17 au 18, amefanya uamuzi mkubwa kuliko wote aliowahi kuufanya, na matusi ya watu wazima yanamfikia akiwa darasani. Hata kumbembeleza kabla hajachagua ni hatari, maana NCAA humhesabu aliyewahi kuichangia idara ya michezo kuwa mfadhili wa timu, na mfadhili haruhusiwi kushiriki kumshawishi mchezaji; ujumbe wako wa mapenzi unaweza kukiletea chuo uchunguzi.

Karatasi uliyoianza mwezi wa Aprili usiitupe. Iandike tarehe, iweke mahali utakapoiona, na uifungue tena baada ya mechi ya kumi, wakati kila mchezaji mpya ameshapangwa dhidi ya wapinzani wa kweli. Mbele ya kila kazi ya uwanjani uliyoiandika, weka jina la anayeifanya sasa na kama anaiweza. Palipobaki wazi ndipo barua yako kwa mkurugenzi wa michezo itakapoanzia.