Kwa Kiingereza samaki "smells bad", si "badly"

Jioni nawafundisha Kiingereza vijana wanaotembeza wageni Fort Jesus na vichochoro vya Mji wa Kale. Wengi hukwama mahali pamoja. Sisi twasema biriani inanukia vizuri, samaki ananuka vibaya. Hivyo ni vielezi, basi mtu akiingia kwenye Kiingereza hukimbilia "-ly": "The fish smells badly." Si sawa.

Ukikutana na smell, taste, look, sound au feel, kitoe kitenzi hicho, uweke "is". "The fish is bad": maana imebaki palepale, kwa hiyo tumia kivumishi, "The fish smells bad." Biriani nayo "smells good". Sasa jaribu kwa kijana asiyejua kuogelea vizuri. Ukisema "He is bad" ushamfanya mtu mwovu! Hapo kielezi ndicho chenye haki: "He swims badly."

"Look" itazame mara mbili. Makanga akionekana amekasirika, "he looks angry". Akikukazia macho kwa sababu umempa noti ya elfu kwa nauli ya hamsini, "he looks at me angrily". Hiyo "at" ndiyo dalili: sasa kutazama kumekuwa kitendo, na kitendo chataka kielezi.

Wala usiiamini "-ly" kila uionapo. "Friendly" ni kivumishi, na "fastly" haipo. Gari huenda "fast" tu. La kuchunga zaidi, hasa kwenye barua ya kuomba kazi hotelini, ni hili: "I work hard" ni mchapakazi, "I hardly work" ni mtu ambaye kazi haigusi.

Kisha kuna maneno yatembeayo wawiliwawili, ambayo kanuni haiyafikii. Kwetu giza ni totoro na kulala ni fofofo. Hakuna asemaye giza fofofo. Wao nao wana "pitch dark", "fast asleep", "wide awake". Mvua ya masika twaiita kubwa, wao ni "heavy rain", na ikinyesha, "it rains heavily". Lakini kahawa chungu ya barazani ni "strong", haiwi "heavy" hata kidogo.

Jozi hizi ziandike daftarini zikiwa nzima, usiandike "heavy" peke yake. Na palipo na jozi ya Kiswahili, iweke ubavuni: giza totoro, pitch dark. Nimeona kwa wanafunzi wangu kwamba ile ya kwetu huivuta ya kwao upesi.