Laptopu ya zamani usiitupe, itundike ukutani iwe fremu ya picha

Wadau, kama una laptopu imekufa betri na kibodi inaruka herufi ila kioo kizima, hiyo ni mali bado. Ya kwangu iko sebuleni kwa mama hapa Tabora, inazungusha picha za marehemu babu na za harusi za ndugu zetu, picha ambazo miaka yote zilikua zimelala kwenye simu hakuna anayeziona.

Anza na programu kabla hujashika bisibisi. Mi naweka Lubuntu (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows) maana ni nyepesi, weka ijiingize yenyewe bila neno la siri, zima usingizi wa kioo, alafu sakinisha feh, programu ndogo ya kuonyesha picha, na kwenye orodha ya vinavyojiwasha ongeza hii:

feh -F -Z -z -Y -D 20 ~/Picha

~/Picha ni folda ulimoweka picha zako. Hapo picha inajaza kioo, zinachanganywa, mshale unafichwa na kila moja inakaa sekunde 20.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama: ukishageuza kioo kikalala mgongoni mwa laptopu, laptopu inadhani umeifunga, inalala. Fungua faili la mipangilio /etc/systemd/logind.conf, kwenye mstari wa HandleLidSwitch toa alama ya # mwanzoni na baada ya = uandike ignore, na kwenye mipangilio ya umeme ya Lubuntu zima pia ule ufuatiliaji wa kifuniko.

Kufungua: chomoa adapta, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama 15. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuikunja jamani, inawaka moto. Fungua skrubu za bawaba, pindua kioo taratibu, na ule waya mwembamba wa kioo usiuvute hata kidogo, ukikatika kazi imeisha, kama haufiki geuza bodi (ule ubao mkuu wa ndani) ndo iufuate. Vioo vya zamani vyenye taa ya mrija vina kisaketi kidogo cha kupandisha umeme, mamia ya volti, hicho usikiguse ikiwa imewashwa.

Fremu nilimpa seremala anichongee ya mninga, huku kwetu vipande vinavyobaki havikosekani, kina sentimita 6. Mwambie aache matundu chini na juu, feni ivute hewa, la sivyo itachemka. Skrubu za ukutani ziwe nene zenye plagi, maana ukuta wa tofali za udongo unamomonyoka.

Picha zipunguze ziwe sawa na kioo, nyingi ni 1366 kwa 768, zinafunguka haraka. Na chagua za mlalo, za wima zinaacha weusi pembeni.