Mkesha wa mwaka mpya huo unakuja, mbwa na paka wako wasije wakachanganyikiwa na fataki

Wadau mnaofuga, tarehe 31 hiyo inanukia na ni bora tuongee mapema, maana kila ikifika tarehe mosi asubuhi magrupu ya WhatsApp ya mtaa yanajaa picha za mbwa waliopotea. Nyie wa Upanga na Kisutu hapa Dar mmeshaionja kwenye fataki za Diwali, sikukuu ya Wahindu, mnajua ninachosema.

Kwanza hili la "mbwa wangu mkali, wa ulinzi, haogopi kitu" tuliache. Ukali kwa mwizi ni habari nyingine kabisa. Sikio la mtu linaishia kwenye hezi 20,000 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), mbwa anafika kama 45,000 na paka anapita hata 60,000, halafu fataki haina ratiba, mnyama hajui imetoka wapi wala itaisha saa ngapi. Na huku kwetu mbwa wengi wanafungiwa bandani mchana kutwa, usiku ndo wanafunguliwa wazunguke uani, yaani saa sita kamili, baruti, honi, masufuria na spika za mkesha vyote vinapoanza kwa mpigo, yeye yuko nje peke yake. Anaparamia ukuta wenye vyupa, anajipenyeza kwenye geti, anakimbia tu bila kujua anakoenda. Kumfunga mnyororo ndo usithubutu kabisa, akipaniki anaweza kujinyonga.

Kwa hiyo usiku huo mmoja ulinzi mwachie askari, mbwa muingize ndani. Najua nyumba nyingi mbwa haingii sebuleni, kwa wengine ni suala la dini pia, sawa, basi tumia stoo, jiko la nje, gereji, popote penye kuta za tofali na mlango unaofunga vizuri. Ila usimpeleke siku yenyewe, anza wiki moja au mbili kabla, awe anakula humo ili apaone ni pake, mtandikie na shuka ulilolalia maana lina harufu yako. Dirisha weka blanketi au pazia zito, mwanga wa fataki nao unamshtua. Lakini joto la Dar la Desemba mnalijua jamani, chumba kisigeuke tanuri, weka maji mengi na feni, na huo mvumo wa feni unafunika kelele kidogo. Muziki pia unasaidia, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na Scottish SPCA (shirika la kutetea wanyama la Scotland) walitoa matokeo baada ya kuwapigia mbwa miziki tofauti, na reggae na soft rock ndo zilionekana kuwatuliza zaidi, so redio iwake, ila sio sabufa ya kutikisa nyumba.

Siku yenyewe mtembeze saa kumi jioni achoke, ajisaidie, saa kumi na mbili ale, baada ya hapo asitoke tena.

Zikianza kulia, kuna watu wanasema usimbembeleze utamzoesha uoga. Hapana bana, hofu haikui kwa kubembelezwa. Akikufata kaa nae, ongea kawaida, na kila mlio mrushie kipande cha nyama au dagaa. Akitaka kujificha uvunguni mwache, usimvute. Na kumgombeza ndo unaharibu zaidi. Kama bado una wiki kadhaa, mchezeshee sauti za fataki kwenye simu kwa chini sana huku anakula, ongeza pole pole, akiacha kula ujue umepandisha haraka, rudi chini.

Paka yeye ni rahisi, mfungie ndani kabla giza halijaingia, funga vioo (grili tu haimzuii), mwachie boksi juu ya kabati au uvunguni na sinia la mchanga la kujisaidia. Sungura na kuku funika banda na turubai, acha upande mmoja upitishe hewa.

Dawa sasa. Usimpe vidonge vyako vya usingizi, na Panadol kwa paka ni sumu, inaua. Nenda kwa daktari wa mifugo mapema, sio tarehe 31 mchana. Akikwambia asepromazini (dawa ya kutuliza) peke yake muulize kuna nini kingine, maana hiyo inamlegeza mwili tu, unaona katulia kumbe hofu iko palepale. Siku hizi kuna trazodoni na gabapentini, dozi apange yeye, na mjaribishie siku ya kawaida kwanza uone inavyomchukua.

Kola iwe na namba yako ya simu, na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa, kwa sababu mbwa aliyepotea akiwa na hofu anaweza kumng'ata mtu na hapo kadi ya chanjo ndo itaulizwa. Asubuhi kabla hujamfungulia pitia uani uokote mabaki ya baruti, wengine wanayatafuna.