Usifute kerneli ya zamani

Wenye seva za Linux, kabla ya kuwasha upya mashine baada ya kusasisha, hakikisheni kerneli (kiini cha mfumo) iliyokuwa ikifanya kazi jana bado imo diskini. Tarakimu ya mwisho tu ya toleo inaweza kukuliza. Novemba 2023, kerneli 6.1.64 ilitoka na kiraka (sahihisho la msimbo) cha ext4, mfumo wa kupanga faili diskini, kilichochukuliwa kutoka matoleo mapya bila kiraka kingine ambacho hicho cha kwanza kilikihitaji. Programu zinazoandika moja kwa moja diskini, bila kupitia akiba ya kumbukumbu, zikawa hatarini kuharibu data. Debian, watengenezaji wa mfumo mmojawapo wa Linux, walisitisha toleo lao la 12.3, wakatoa 12.4 lenye 6.1.66. Na 6.1 ni tawi la muda mrefu, lile tunaloambiwa limetulia!

Watumiaji wa Btrfs, mfumo mwingine wa faili, nao walionja yao kwenye kerneli 5.16: waliowasha autodefrag (kuunganisha vipande vya faili kiotomatiki) waliona diski ikiandikwa mfululizo na kasi ikishuka.

Mimi huijaribu kerneli mpya siku kadhaa kwenye mashine isiyo na kazi muhimu. Amri ya uname -r itakuonyesha unayoitumia sasa. Mambo yakiharibika, washa upya, uchague ya zamani kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapoanza kuwaka. Faili lililokwisha kuharibika halitarudi kwa njia hiyo. Litafute kwenye bekapu.