Kazi ya likizo kwa shamba la nguruwe wa malishoni Mombasa: mambo ya kujua kabla hujaenda

Kama wewe ni mwanafunzi, likizo ndefu inakuja na huogopi tope, shamba la nguruwe ni kazi nzuri, hasa yale wanafuga nje kwa malisho badala ya banda la simiti. Kisiwani usitafute, nenda upande wa bara kule bado kuna ardhi, Mwakirunge, Utange, ama ukivuka feri uingie ndani ndani Likoni.

Ya pesa malizaneni mapema: malipo ni ya siku ama ya mwezi, chakula cha mchana ni juu ya nani, gamubuti na ovaroli ni za shamba ama zako, na ukiumia nani anasimamia hospitali. Mwandikiane hata kwa meseji tu, inatosha.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanadhani ni kumwaga chakula na kuondoka, lakini kwa hili joto letu kazi namba moja ni maji na kivuli, hapa ndo nataka unisikize sana. Nguruwe hatoi jasho kama sisi, yeye anajipoza kwa tope na kwa kuhema. Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi, mchana inafika digrii 32 ama 33 na unyevu uko juu, na nguruwe mkubwa raha yake ni kama digrii 20 hivi, sasa fikiria anavyoteseka. Kwa hivyo chakula kipeleke alfajiri na jioni, manake tumbo likisaga chakula mwili unazidi kupata moto, alafu kabla ya saa nne uwe umeshakagua bwawa la tope lina maji na kibanda cha makuti kiko imara. Wale weupe kama Large White ngozi yao inaungua na jua kabisa, waangalie masikio na mgongo.

Kuna kitu kidogo wengi hawakijui: ile paipu nyeusi ikilala juani, maji ya kwanza yanatoka moto na nguruwe hawayataki, wanakaa na kiu mfereji uko hapo hapo. Yamwage kwanza mpaka yapoe, na ukipata nafasi mwambie mwenye shamba paipu ifukiwe. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita 30 na zaidi kwa siku, kwa hivyo usiniambie uliwajazia asubuhi.

Ukimkuta nguruwe amelala, simama utazame mbavu zinavyopanda na kushuka, hesabu kwa simu dakika moja. Mkubwa aliyetulia akipita mara 40 huyo ana joto, na kama mdomo uko wazi na anatoa povu ni hatari, usimkimbize wala usimlazimishe kutembea. Mletee kivuli hapo hapo, mmwagie maji ya kawaida kidogo kidogo, si ya barafu, na upige simu kwa vetinari.

Fensi ya umeme izunguke kila asubuhi. Nyasi zikigusa waya, umeme unapotea, zifyeke, na ardhi ikikauka ile fimbo ya ethi, chuma kilichochomekwa ardhini, haishiki vizuri kwa hivyo imwagie maji. Nguruwe ni werevu, siku umeme hakuna wao ndo wa kwanza kujua.

Kuwahamisha kutoka malisho haya kwenda yale usitumie fimbo na kelele. Tangulia na ndoo ya chakula wakufuate, mwenzako aje nyuma na ubao. Wahame kabla hawajachimbua nyasi zote mpaka mizizi, la sivyo mvua za masika zikija udongo wote unaenda.

Mimba ya nguruwe ni kama siku 114, wazee wanahesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Ukiona jike anabeba nyasi kwa mdomo akijipangia kiota, mara nyingi atazaa ndani ya siku moja, mpelekee nyasi kavu zaidi alafu mwache. Akishazaa usiingie katikati yake na watoto hata kama alikuwa mpole jana, ana uzito wa kukuvunja mguu.

Hili la magonjwa nakuomba usilichukulie juu juu. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezewa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921 na mpaka leo haina tiba. Binadamu haimpati, lakini inaweza kumaliza kundi zima, na inabebwa na viatu, na nyama, na mabaki ya jikoni. Gamubuti za shamba zibaki shambani, usifanye kazi mashamba mawili kwa likizo moja, na usije na nyama ya nguruwe kwa chakula chako. Ukikuta wawili watatu wamekufa ghafla ama masikio yamegeuka rangi ya zambarau, mwambie mwenye shamba aite vetinari wa serikali siku hiyo hiyo, asikubali mtu amshawishi auze haraka wale waliobaki. Na choo, tafadhali tumia choo, usiende kichakani, manake nguruwe wa nje akila kinyesi cha mtu ndo minyoo ya tegu inaingia kwa nyama na kurudi kwa watu.

Majirani zetu wengi ni Waislamu, waheshimu. Oga shambani, ovaroli iache huko, panda matatu na nguo safi, na uchafu usiuache utiririke kwa njia ya watu ama karibu na kisima cha mtu.

Kama unasomea kilimo ama mifugo omba barua ya kazi wiki moja kabla ya kuondoka, iandike mambo uliyofanya kwa mikono yako, si tarehe peke yake.