Kuchonga hedi ya gari la mbio: kazi iko kwenye sentimita mbili za mwisho

Hedi (kichwa cha injini, chenye valvu na njia za hewa) iliyoko mezani kwangu wiki hii ni ya 4G63, injini ya Mitsubishi Lancer Evolution. Imeshuka na basi kutoka Dar ndani ya gunia la korosho, gunia ambalo bila shaka safari yake ya kwanza ilianzia huku huku Mtwara. Mwenyewe kaandika juu yake kwa maka: "Tanua matundu yote," yaani njia za hewa. Sitanui.

Wengi wanaoshika grinda kwa mara ya kwanza hudhani tundu kubwa ndiyo nguvu. Tundu likiwa kubwa kupita kiasi hewa hupoa mwendo, na gari la mbio linatoka kwenye kona likiwa zito kama limebeba kokoto. Hewa haisumbuki sana pale tundu lilipo mnyoofu. Inasumbuka pale inapopinda kushuka kwenye valvu, mlango wa silinda. Hapo, sentimita mbili juu ya siti (kikalio cha valvu), ndipo penye nguvu za farasi unazozitafuta.

Kabla ya kugusa hedi ya mtu, tafuta hedi mfu. Yangu niliiokota kwa muuza vyuma chakavu Masasi, nikaikata vipande kwa msumeno wa chuma jioni mbili, katikati ya njia ya inleti (hewa inayoingia) na katikati ya njia ya ekzosi (moshi unaotoka). Bado ipo juu ya kabati. Ukiitazama utaona kuna mahali ukuta unaotenganisha hewa na maji ya kupoozea injini haufiki milimita nne. Mimi somo hilo nilichelewa. Hedi ya pili niliyochonga peke yangu, ya mteja, nilishuka sana upande wa chini. Sauti ya biti (ncha ya grinda inayosaga) ilibadilika ikawa nyembamba, nikaendelea. Nilipojaza maji, tone moja likachungulia. Ikaenda kuchomelewa kwa argoni, siti zikakatwa upya, na gharama nililipa mimi. Mjomba wangu anayechonga vinyago vya mpingo alicheka. Kwake, mkono ukiteleza kwenye goti la mzee, mzee anakuwa mtoto na kazi inaendelea. Aluminiamu haikupi nafasi hiyo.

Grinda iwe ndogo ya mkono, na biti ya kabaidi yenye meno mapana ya aluminiamu. Meno yaliyosongamana ya chuma huziba dakika ya kwanza. Pakaza mshumaa kwenye biti kila mara, unga hautagandamana. Miwani na barakoa si mapambo.

Anza kwenye bakuli, ile nafasi iliyo juu ya siti. Kiwandani siti hubanwa ndani ya aluminiamu na mara nyingi hubaki kidato kidogo pale vinapokutana. Kiondoe hadi kidole kisihisi kitu. Koo, yaani sehemu nyembamba inayopakana na siti, liwe kati ya asilimia 85 na 90 ya kipenyo cha valvu. Valvu ya inleti ya 4G63 ni milimita 34, kwa hiyo koo lako liko kati ya milimita 29 na 30.5. Mimi husimama kwenye 30. Valvu gaidi, yaani bomba dogo linalopitisha shina la valvu (jina hilo lilinichekesha siku ya kwanza hata mimi), lichonge ubavuni liwe jembamba kama pezi, lakini usilifupishe, maana ndilo linaloshika valvu isiyumbe na kuipunguzia joto.

Halafu kona fupi. Ingiza kidole cha shahada kutoka upande wa manifoldi (bomba linaloleta hewa kwenye hedi), pitisha kwenye sakafu ya tundu. Kitatelezea mbali, kisha ghafla kitaanguka kuelekea siti. Huo mwanguko ndio adui: hewa inayokuja kwa kasi haiwezi kuugeuka, inaruka na kugonga ukuta wa mbele, nusu ya valvu inabaki bila kazi. Uviringishe. Usiushushe, uviringishe tu, toa unene wa unywele kidogo kidogo, futa, pitisha kidole tena. Kwa tundu moja kazi hii hunila saa nzima, na unga wote unaotoka haujai kijiko cha chai.

Using'arishe inleti kama kioo. Msasa namba 80 unatosha, ule ukwaruzaji mdogo husaidia petroli isitulie ukutani. Ekzosi unaweza kulainisha zaidi, masizi yasipate pa kushika. Kwenye manifoldi, mdomo wa hedi usiwe mdogo kuliko wa manifoldi ya inleti, hewa itagonga ngazi.

Siti zikatwe kwa mashine pembe tatu: nyuzi 30, 45, 60. Sehemu ya 45 inayogusa valvu iwe karibu milimita 1.2 kwa inleti na 1.5 kwa ekzosi, kwa kuwa valvu ya ekzosi hutolea joto lake hapo. Kuhakiki, chora mistari ya penseli kuvuka siti, weka valvu, izungushe robo kidogo bila kukandamiza. Mstari wowote uliobaki mzima unakuonyesha pasipogusana.

Kupima hewa nina sanduku la plaiwudi, mota mbili za mashine ya kufyonza vumbi na mpira mwangavu wenye umbo la U uliojaa maji ya rangi. Mota huvuta hewa kupitia hedi. Nashikilia tofauti ya maji milimita 254, nafungua valvu milimita moja moja hadi 10, naandika hewa iliyopita. Jioni watu wakipiga pasi umeme unanywea na mota zinalegea, ndiyo maana jicho liwe kwenye maji. Milimita 8.5, robo ya kipenyo cha valvu, ndipo dirisha la pembeni, yaani upenyo unaoizunguka valvu, linapolingana na tundu lenyewe. Baada ya hapo kufungua zaidi kunaongeza kidogo tu. Kama namba za valvu ikiwa wazi kidogo zimeshuka baada ya kuchonga, umeharibu siti au koo, hata kama zile za ikiwa wazi sana zimepanda.

Vyumba vya kuwakia vilinganishe kwa bomba la sindano na kipande cha plastiki mwangavu chenye tundu, grisi ukingoni, mafuta ya taa ndani. Tofauti isizidi nusu cc. Kwa silinda ya milimita 85, kila sehemu ya kumi ya milimita kwenye unene wa gasketi ni zaidi kidogo ya nusu cc, kwa hiyo piga hesabu ya kompresheni (kiasi hewa inavyobanwa) kabla ya kupeleka hedi kupunguzwa uso. Na soma kanuni za daraja lako la mashindano, maana Kundi N (daraja la magari yaliyo karibu na yale ya dukani) halikuruhusu kuchonga hedi kabisa.

Mwisho ziba njia za maji, ingiza upepo, paka sabuni utafute povu. Osha kwa maji moto na brashi hadi kwenye matundu ya oili, kausha, na pakaa oili siti zote usiku huo huo. Upepo wa baharini hapa Chikongola hutia kutu siti kabla ya asubuhi. Hii ya Evo naifunga kwenye nailoni kwanza, ndipo gunia, kwa sababu nyuzi za gunia zinapenda sana kuingia kwenye oili.